Siri Moja Iliyogeuzwa Mbili: Kisa cha Ajira ya Pili Tanga

Simu ilitetemeka mfukoni mwa kijana mmoja saa nne na nusu asubuhi, akiwa kazini. Aliyekuwa akiipiga alikaa meza ya tatu kutoka kwake.

Ilikuwa hivi. Dada wa uhasibu katika kampuni yao ya uwakala wa forodha, hapa Tanga mjini, alikuwa ameshika invoisi ya kampuni ya malori ya kule Pongwe na haimwelei. Siku za lori kusubiri mzigo zimeandikwa 6, yeye kwenye kumbukumbu zake ana 4. Akatazama chini ya karatasi, akaona namba ya simu ya idara ya hesabu, akapiga. Idara ya hesabu ndiyo kijana huyu, kwa ajira yake ya pili ya siri, na simu yenyewe ni kitochi alichokiweka kwenye mtetemo mfukoni. Akaiacha ikatetemeka mpaka ikakata. Dada akasonya, akasema kila mtu asikie, "Watu wa Pongwe hawa, kudai wanajua, kupokea simu hawajui." Ofisi nzima ikacheka, na kijana akacheka nao. Kisha akaenda chooni kuizima.

Alinisimulia haya Mei 2025, amekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwangu Ngamiani, bahasha ya kaki mapajani. Kazi yangu ni kodi. Natengeneza hesabu za wafanyabiashara wadogo, najaza ritani, yaani taarifa za mapato na kodi za mwaka, nawasindikiza wale wanaoogopa kwenda peke yao TRA, mamlaka ya mapato. Ameniridhia niandike kisa chake. Nimebadili mambo mawili matatu asitambulike, na mishahara nimeizungusha kidogo ili hesabu isomeke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Ahsante. Mama, mimi nina swali moja tu. Nikipeleka ritani TRA, bosi wangu atajua?"

Hakuuliza anadaiwa kiasi gani, wala kama amevunja sheria. Alitaka kujua kama bosi atajua. Hofu hiyo ilikuwa imemkalisha kimya zaidi ya mwaka, na kimya hicho ndicho kilichompa deni. Alikuwa na siri moja, ya kumficha mwajiri wake. Akaona ili siri hiyo ikae salama sharti aifiche na serikali. Hapo ndipo siri moja ikawa mbili, na ile ya pili hakuihitaji kabisa.

Mambo yenyewe

Ajira ya kwanza anayo tangu 2021. Analipwa Sh 1,200,000 kwa mwezi, anafungua mafaili ya mizigo na kufuatilia malori yanayoingia na kutoka bandarini. Kazi za aina hiyo zimeongezeka Tanga. Tangu gati liongezwe kina kufikia mita 13, meli kubwa zinafunga gatini, wakati zamani zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa na matishari. Mzigo ukiwa mwingi malori nayo huwa mengi, na malori yakiwa mengi hutafutwa mtu wa kuandika invoisi.

Mtu huyo akawa yeye. Machi 2024 mwenye kampuni ya malori kule Pongwe alimwomba amshikie vitabu jioni na Jumamosi, kwa Sh 600,000 kwa mwezi. Walimwingiza kwenye orodha ya mishahara kama mfanyakazi wa kawaida, wakamkata mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wakamkata kodi ya mshahara, na kila mwezi wakampa slipu. Kwa jinsi alivyoona, kila kitu kilikuwa halali. Kodi si inakatwa?

Siku ya kwanza alijaza fomu ya kampuni ya kurasa mbili. Nakala ilikuwa kwenye bahasha, nami nimeiona. Ukurasa wa pili, chini ya TIN, namba ya mlipakodi, pana swali: hii ndiyo ajira yako kuu? Na vijisanduku viwili. Alitia tiki ya bluu kwenye NDIYO.

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Mama, ningesema hapana wangeniuliza nyingine iko wapi. Na mji huu ulivyo mdogo."

Kwa hilo la mji sina ubishi naye. Tanga ukipiga chafya Chumbageni unaombewa afya Makorora. Lakini tiki ile moja ina thamani ya Sh 138,000 kwa mwezi, na hesabu yake ni fupi.

Hesabu

Kodi ya mshahara Tanzania Bara inapanda kwa ngazi. Sh 270,000 za mwanzo za mwezi hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30. Mchango wako wa NSSF unatolewa kwanza, kodi inapigwa kwenye kilichobaki.

Mshahara wake wa kwanza, ukitoa NSSF Sh 120,000, unabaki 1,080,000, na kodi yake ni 152,000. Mwajiri alikuwa anakata hivyo hivyo, hakuna kosa. Mshahara wa pili, ukitoa NSSF Sh 60,000, unabaki 540,000. Kampuni ya malori, ikiamini ile tiki, ikaanzia ngazi ya chini kabisa. Ikampa 270,000 zisizo na kodi, ikampa na ngazi ya asilimia 8, mwisho ikamkata Sh 24,000.

Lakini ngazi ni ya mtu, si ya mwajiri. Msamaha wa 270,000 alikwisha kuupata kwa mwajiri wa kwanza, na kwa huyo huyo alikwisha kuvuka milioni. Kwa hiyo kila shilingi ya mshahara wa pili inakaa kwenye ngazi ya juu, asilimia 30. Ndiyo maana ajira ya pili hukatwa asilimia 30 moja kwa moja bila kupitia ngazi, na watu hudhani ni adhabu. Kwa mtu wa kipato chake ni hesabu ile ile, ila imefanywa mapema. Asilimia 30 ya 540,000 ni 162,000. Alikatwa 24,000. Pengo ni 138,000, mara miezi 10 ya mwaka 2024, ni Sh 1,380,000.

Nilimwandikia nyuma ya ile bahasha. Akaangalia, akarudia kuzidisha kwa kikokotoo cha simu, akaangalia tena.

"Kwa hiyo sikuwa naficha mshahara. Nilikuwa nakopa TRA."

Sijasikia mtu akilisema vizuri zaidi. Tena mkopo wenyewe alikuwa anautumia kila mwezi bila kujua ni mkopo. Zile 138,000 zilikuwa zinaishia kwenye matofali.

Sasa lile swali la ritani. Mtu mwenye mwajiri mmoja tu, ambaye kodi yake yote imekatwa kwenye mshahara, hahitaji kupeleka ritani ya mwaka. Wengi wetu tumekulia kwenye kundi hilo, ndiyo maana neno ritani tunaliona la wafanyabiashara. Ukishakuwa na waajiri wawili na kodi haikukatwa sawasawa, umetoka kwenye kundi. Unatakiwa ujumlishe mwaka mzima, utoe kilichokatwa, ulipe tofauti, na ritani iwe imefika ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa mapato, yaani kabla Juni haijaisha. Yeye alikuja Mei. Wiki zilikuwa chache lakini zilitosha, na kwa hilo tu alikuwa na bahati.

Bosi atajua?

Kwa njia ya ritani, hapana. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamfunga ofisa wa TRA kutunza siri za mlipakodi, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, kama mahakamani. Mwajiri wa kwanza kila mwezi, kabla tarehe 7 haijapita, anapeleka kodi na orodha ya watu wake mwenyewe. Haletewi orodha ya Pongwe. Ritani ya mtu binafsi haipitii ofisi ya utumishi kugongwa mhuri.

Upande mwingine wa jambo hili watu hawauoni. Ukinyamaza, deni likatambuliwa, ukaandikiwa na usilipe, sheria inampa Kamishna uwezo wa kumwamuru mtu anayeshika fedha zako azilipe TRA badala yako. Anayeshika fedha zako ni nani? Benki yako. Na mwajiri wako. Barua aliyokuwa akiiogopa ilikuwa na njia moja ya uhakika ya kufika mezani kwa bosi, nayo ni yeye kuendelea kunyamaza.

Nilipomweleza hili aliinama, akaanza kukunja kona ya bahasha. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa amekaa mlangoni analinda, kumbe dirisha liko wazi.

Wala asidhani TRA wangehitaji umbea. TIN yake ni moja. Kampuni mbili zilikuwa zinapeleka kodi kwa TIN ile ile mwezi ule ule, kila moja ikimhesabia msamaha. Kuyaunganisha hayo si kazi ya mganga. Taarifa yake ya NSSF nayo inaonyesha michango ya waajiri wawili, mstari kwa mstari. (Nilimuuliza ameichapishia wapi. Akasema ofisini. Ofisi ipi, mwanangu? Akanyamaza. Basi nami nikanyamaza.)

"Wewe sasa ni mshauri"

Januari 2025 mambo yalibadilika Pongwe. Mwenye malori alimwita akamwambia kuanzia sasa hayumo tena kwenye orodha ya mishahara. Awe mshauri, alete invoisi kila mwezi, akatwe kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla hajakulipa, asilimia 5, basi. Akamwonyesha faida. Zamani alikuwa anaondoka na 516,000 mkononi, sasa ataondoka na 570,000. Elfu 54 zaidi kwa kazi ile ile. Alikubali papo hapo, na siwezi kumcheka. Ningekuwa na umri wake ningekubali pia.

Lakini tuzitazame hizo elfu 54 vizuri. Kwanza, ile asilimia 5 ya huduma kwa mkazi si kodi ya mwisho. Ni kianzio. Mapato yale yanaingia kwenye jumla ya mwaka kama kawaida, na kwa mtu aliyekwisha kuvuka milioni kwa mwezi yanakutana tena na asilimia 30. Kwenye 600,000 kodi ni 180,000 kabla ya kutoa gharama zake halali, na zilizokatwa ni 30,000. Hii "nimeshakatwa tayari" naisikia mjini hapa kuliko adhana. Imeshawaumiza mafundi, madalali, walimu wa tuisheni.

Pili, NSSF. Alipokuwa mfanyakazi, kampuni ilichanga 60,000 na yeye 60,000, jumla 120,000 kila mwezi kwa jina lake. Zote zimekoma. Aliyepata nafuu ya kweli ni mwenye malori. Amekwepa 60,000 za NSSF, SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, ya asilimia 3.5 kwa kuwa ana wafanyakazi 10 na zaidi, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Karibu Sh 84,000 kwa mwezi. Kijana aligawiwa elfu 54 akaona amepewa zawadi.

Tatu, kubandikwa jina la mshauri hakumfanyi mtu mshauri. Alikuwa anakaa meza ile ile, anatumia kompyuta ya kampuni, anafika saa aliyopangiwa, anaambiwa fanya hivi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi hata ikiwapo alama moja tu kati ya kadhaa zilizotajwa: anasimamiwa namna ya kufanya kazi, amepangiwa saa, anapewa vitendea kazi, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Yeye jioni tano za saa mbili na Jumamosi saa sita, zidisha. Wiki nne ni saa 64. Mwenye malori angetakiwa aoneshe kinyume chake.

Nilimwambia haya si ya kugombania sasa. Mtu akiwa na moto nyumba mbili anaanza na ile yenye watoto.

Nyumba yenye watoto

Hadi hapo alidhani tatizo lake ni kodi. Nikamwomba mkataba wake wa kwanza. Ulikuwa chini kabisa ya bahasha, pini bado mpya, maana yake haukuwahi kufunguliwa tangu usainiwe. Ibara ya 9 inamtaka asifanye kazi nyingine yenye malipo bila idhini ya maandishi ya mwajiri. Ibara ya 10 inamtaka aeleze maslahi yoyote yanayogongana na ya kampuni.

Kufanya kazi mbili si jinai. Hakuna polisi wa ajira ya pili. Kwa sekta binafsi jambo hili linakaa kwenye mkataba, na mikataba inatofautiana. Upo unaokataza kabisa, upo usemao omba, na upo usiosema kitu. (Mtumishi wa umma ana taratibu zake nyingine, na kiongozi wa umma ana tamko la mali na maslahi kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka. Hiyo ni mada ya siku nyingine.) Angekuwa anafundisha hesabu jioni, au anashika vitabu vya duka la vifaa, ningemwambia aombe idhini na pengine angepewa.

Tatizo ni kwamba kampuni ya malori inaidai kampuni ya forodha. Nikamuuliza, ile karatasi ya kuonyesha lori liliingia lini na kutoka lini, kwenu anasaini nani?

"Mimi."

"Na invoisi ya siku za kusubiri, Pongwe anaandika nani?"

Hakujibu. Feni ilikuwa inapiga kelele, nikaizima ili nisikie kama atasema kitu. Hakusema.

"Zile siku 6. Ulijua ni 4?"

Alijua. Mwenye malori alimwambia ahesabu na Jumamosi na Jumapili, yeye akasema watu wa kule hawahesabu wikendi, mwenye malori akasema andika, wakikataa watapiga simu. Akaandika. Na kweli walipiga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema suala la ajira ya pili ni la muda: umeiba saa za mwajiri au hukuiba. Hakuiba hata dakika. Alifika kazini saa mbili kasoro kila siku, na kazi yake haina lawama. Muda haukuwa tatizo. Kalamu iliyothibitisha siku 4 na kalamu iliyodai siku 6 zilikuwa mkono mmoja, na wenye fedha hawakuambiwa. Kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinataja udanganyifu mkubwa kati ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi hata mara ya kwanza. Sisemi alifikia hapo. Nasema mwajiri aliyeigundua mwenyewe angekuwa na pa kuanzia, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, isingemsikiliza kijana kwa sikio lile lile ambalo ingemsikiliza mtu aliyejisema.

Alichofanya

Alitaka kuacha Pongwe kimya kimya na kusahau. Kwa upande wa kodi nisingekuwa na la kusema, kwa kuwa deni lingelipwa na ritani ingekwenda. Lakini invoisi ilikuwa bado mezani kwa yule dada, na namba ya simu iko chini ya karatasi. Nilimwambia ninavyoona: mwambie bosi wewe, kabla simu hiyo haijapigwa na mtu ambaye ana namba yako kwenye simu yake. Akasema atafikiri. Nikampa jina la wakili ninayemwamini, maana mimi mambo ya kazi nayajua ya kuonja tu.

Aliyeamua ni mkewe. Yeye ni nesi, alikuwa anajua habari za Pongwe tangu mwanzo, na ndiye aliyemtuma kwangu. Alimwambia kwa wiki moja anayeshtuka kila simu ikilia ni yeye mume, si bosi, na usingizi umeisha ndani ya nyumba.

Mwisho wa Mei aliacha kazi Pongwe. Wiki iliyofuata akapeleka barua kwa mwajiri wa kwanza, aya tatu: nimefanya kazi hii, kuanzia lini hadi lini, nimeiacha, kampuni hiyo inafanya biashara na yetu, na invoisi zake niliziandika mimi, naomba zote za kipindi hicho zihakikiwe. Wakili aliikata aya ya nne, ya kuomba msamaha kwa maneno mengi na kutaja mtoto mgonjwa. Mtoto hakuwa mgonjwa.

Aliitwa kwenye kikao cha nidhamu, akapewa taarifa siku mbili kabla, akaenda na mfanyakazi mwenzake. Aliniambia bosi hakupandisha sauti. Alimuuliza swali moja: bei tunazopewa na wenye malori wengine, uliwahi kuzitaja Pongwe? Akasema hapana. Invoisi zilipitiwa zote. Yenye tatizo ilikuwa ile moja. Kampuni ikalipa siku 4. Yeye akapata onyo la mwisho la maandishi na kuhamishiwa upande wa magari yanayoshushwa melini, ambako hagusi karatasi ya lori lolote. Yule dada wa uhasibu hakumsemesha mpaka Agosti.

Ritani ya 2024 tuliipeleka Juni, kabla ya siku ya mwisho, kwa hiyo adhabu ya kuchelewesha ritani haikumgusa. Sh 1,380,000 kwa mkupuo hakuwa nazo. Alikuwa na 800,000 za mabati ya nyumba anayoijenga Mwahako. Sheria inaruhusu kuomba kulipa kwa awamu, tukaandika, wakakubali awamu tatu, riba ikiendelea kwenye baki. Ofisa aliyetupokea aliangalia slipu zote mbili, akamuuliza kijana kwa upole kama sasa anajua fomu ya ajira ina vijisanduku viwili. Akasema anajua.

Kwa 2025 yapo mapato ya miezi mitano ya "ushauri", Sh 3,000,000, yataingia kwenye ritani ya mwaka huo. Kodi yake ni karibu 900,000, tukitoa bando la intaneti na mafuta ya pikipiki itapungua kidogo, na tutadai zile 150,000 zilizozuiwa. Kuzidai kunahitaji vyeti vya kodi ya zuio. Mwenye malori alikuwa anakata kila mwezi, lakini vyeti hakutoa hata kimoja mpaka nilipompigia mwenyewe. Cha Januari kikaja, cha Machi, cha Aprili, cha Mei. Cha Februari anasema mtu wa hesabu aliyekuwapo wakati huo hakukiandaa.

Nilimkumbusha mtu wa hesabu aliyekuwapo wakati huo ni nani. Akacheka sana, akasema atakitafuta. Elfu 30 hizo bado tunazifukuzia.